Siku nne kwenye njia ya makaa: Prince, Beckley, Nuttallburg

Jumapili

Treni ya abiria ya Cardinal hupita Charlottesville, jimbo la Virginia, Marekani, mara tatu tu kwa wiki ikielekea Chicago: Jumapili, Jumatano na Ijumaa. Nimeishi mji huu miaka sita, na kila nikisikia honi yake mchana nikiwa kazini, moyo hunienda nayo. Leo nimo ndani. Nina begi moja, daftari, chupa ya chai ya tangawizi na swali la mdogo wangu.

Mdogo wangu anaendesha lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, kwetu Mbinga, mpaka bandari ya Mtwara. Tani 30 kila safari, mashariki na mzigo, magharibi mtupu. Tangu tukiwa wadogo tunasikia habari ya reli ya kusini, ile ya Mtwara mpaka Mbamba Bay, na matawi yake ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Nilipomwambia nakwenda West Virginia kutazama treni za makaa akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, nitazamie jambo moja tu. Reli ikishafika, dereva anakwenda wapi?"

Basi nimepanda na swali hilo mfukoni.

Baada ya Staunton milima ilianza kutubana. Ni mwezi wa kumi, majani yamegeuka rangi ya manjano na nyekundu, na kwenye kona treni hujipinda hadi ukiwa behewa la nyuma unakiona kichwa chake. Clifton Forge tuliingia katikati ya reli nyingi zilizolala sambamba, na hapo ndipo nilipoyaona makaa mara ya kwanza: safu ya mabehewa meusi yamejaa pomoni, yanasubiri. Sisi abiria tulikuja kwa njia ya mlimani. Makaa hayapiti kule. Yakifika hapa kutoka West Virginia huteremka na Mto James, taratibu, mpaka Richmond na kisha Newport News, ambako meli zinayangoja. Collis Huntington, tajiri wa reli, aliifikisha reli ya Chesapeake and Ohio kwenye bandari hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1880. Aliona mapema kwamba mzigo uko milimani na soko liko ng'ambo ya bahari. Siku hizi reli hii ni ya kampuni ya CSX, lakini mizani ya mambo ni ileile: mzito hushuka, mwepesi hupanda.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipopita Alderson, kisha Talcott. Hapa pana handaki la Big Bend, lililotobolewa kati ya mwaka 1870 na 1872, zaidi ya futi 6,000 ndani ya mwamba. Ndipo inaposimuliwa kwamba John Henry, mtu Mweusi mwenye nyundo, alishindana na mashine ya kutoboa mawe, akaishinda, akafa na nyundo mkononi. Wengi waliolitoboa walikuwa watu Weusi waliotoka utumwani miaka michache tu kabla. Sanamu yake iko mdomoni mwa handaki la zamani. Sisi tulipita lile la pili, lililochimbwa kando yake baadaye, na kwa muda hakukuwa na kitu dirishani ila sura yangu mwenyewe.

Nilishuka Prince saa moja jioni na ushee. Ni stesheni ya mwaka 1946, imejengwa kwa mistari ya kisasa ya enzi zile, peke yake chini ya mlima, kana kwamba ilitarajia mji mkubwa ambao haukuja. Sakafuni, ndani ya mawe yaliyosuguliwa, amechorwa paka mdogo amelala: Chessie, nembo ya reli ya zamani. Nilimruka nisimkanyage. Shemeji yangu alikuwa nje na gari, taa zinawaka.

Jumatatu

Tulikuwa McCreery kabla jua halijafika bondeni. Ni ng'ambo ya mto kutoka Prince, mahali ambapo kijito cha Piney Creek kinaingia New River. Jina la mto huo linamaanisha "mpya", ingawa wanajiolojia wanauhesabu miongoni mwa mito ya zamani sana Amerika Kaskazini. Njia kuu ya reli inafuata ukingo wa mto. Tawi la Piney Creek linachomoka Prince, linavuka mto kwa daraja la chuma na kupanda korongo jembamba hadi Beckley. Ndilo nililolifuata kutoka Charlottesville.

Ukungu ulikuwa mzito kama ule wa Umatengo mwezi wa sita. Shemeji alimimina chai, tukakaa. Saa ya kwanza, kimya. Saa ya pili, kimya. Treni za makaa hazina ratiba ya kubandikwa ukutani, huja mgodi ukiwa na mzigo na meli ikiwa na nafasi.

Mzee mmoja alikuja na mbwa wake, akatuona na daftari, akajua. Alifanya kazi ya breki kwenye tawi hili hili, kisha ukondakta, hadi alipostaafu. Nilimpa mkono kwa kuinama kidogo, kama nilivyofundishwa nyumbani, naye akacheka kwa furaha na kuketi kwenye boneti la gari letu kama jirani wa miaka mingi.

Ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Kabla ya treni kuonekana, alisema, mlima unaanza kunguruma, na usipojua utadhani ni ndege. Kweli. Kwanza ulikuja mtikisiko kwenye kikombe cha chai. Halafu honi ya kivuko: mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu. Halafu vichwa viwili vya bluu na manjano vikaibuka kwenye ukungu, vikivuta mabehewa matupu kuelekea juu. Behewa tupu lina kelele kuliko lililojaa, linapiga kama debe. Yalipanda, yakamezwa na korongo, tukaendelea kuyasikia kwa muda mrefu yakiwa hayaonekani.

"Hayo yalikuwa rahisi," mzee akasema. "Ngoja yateremke."

Akanieleza kazi. Treni iliyojaa ikishuka mteremko mkali, hewa ya breki inaweza kuisha kabla mlima haujaisha: dereva akifungua breki ili kuirudishia mfumo pumzi, uzito wote unaachiliwa. Kwa hiyo kwenye kila behewa pana valvu ndogo, wao huiita retena, ambayo ukiizungusha kwa mkono inashikilia hewa kidogo kwenye silinda hata dereva anapojaza upya. Siku zake, kabla ya kushuka, walitembea kando ya treni nzima wakizizungusha moja moja, mvua au theluji, taa mkononi, kokoto zikiteleza chini ya buti. Wakifika chini wanatembea tena kuzirudisha. Mkono wake wa kulia bado ulikuwa unazungusha kitu hewani alipokuwa anazungumza. Treni ilikuwa na watu watano wakati huo: dereva, msaidizi wake, kondakta na watu wawili wa breki, na nyuma kabisa behewa dogo lenye jiko, walimopikia.

"Na leo?"

"Wawili."

Niliandika namba hiyo nikaizungushia duara.

Mchana ulikuwa umepamba moto iliposhuka. Harufu ilitangulia: chuma kilichoungua, kali, inakaa kooni. Ni viatu vya breki vikisuguana na magurudumu. Halafu sauti, si ngurumo bali mluzi mrefu mzito, injini zikitumia mota zake zenyewe kujizuia. Ikaja polepole, mtu anayekimbia angeipita. Vichwa viwili mbele. Nikaanza kuhesabu. Makaa yamerundikwa juu ya kila behewa kama ugali uliopakuliwa kwa mkono mkarimu, na vipande vidogo vilikuwa vikidondoka kwenye kila kiungo cha reli. Behewa la 41 lilikuwa na samaki mwekundu aliyechorwa na mtu fulani kwa rangi ya kupuliza, mkubwa, mdomo wazi. Nikafika 108. Nyuma kabisa hakukuwa na behewa la jiko wala mtu wa kupungia mkono. Palikuwa na kifaa tu kilichofungwa kwenye kiungo cha mwisho, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzima.

Mabehewa 108, kila moja karibu tani 100. Tani 10,800. Nikagawa kwa 30.

Malori 360.

Sikumtumia mdogo wangu hesabu hiyo usiku ule. Nilitaka kwanza niione nchi yote.

Alasiri tulipanda Beckley, kwenye mgodi ambao manispaa iliufungua kwa wageni mwaka 1962. Unaingia kwa kigari cha chini cha reli nyembamba, na anayekuongoza ni mchimbaji wa zamani. Ndani ni nyuzi 14 mwaka mzima. Tabaka la makaa pale halifiki hata kiunoni. Watu walilala ubavu kwenye maji, wakachimba kwa sururu, wakapakia kwa koleo. Kiongozi wetu alizima taa zote kwa dakika moja, akawasha kitaa kimoja cha kabaidi, kama kile cha wavuvi wa usiku, tukaona jinsi mwanga ulivyokuwa mdogo.

Kitu nilichoking'ang'ania kilikuwa kidude cha shaba, duara, kama sarafu yenye tundu, kimegongwa namba. Kila mchimbaji alikuwa na vyake. Akijaza kigari anatundika kimoja ndani, na kule juu mpimaji anakisoma na kumwandikia tani zake. Mtu alilipwa kwa alichopakia, si kwa saa alizokaa chini. Jiwe likichanganyika na makaa, anakatwa. Na mara nyingi malipo yenyewe yalikuwa sarafu za kampuni, zinazopokelewa kwenye duka la kampuni tu. Nilikishika hadi kikapata joto la kiganja. Huyu naye alilipwa kwa safari, nikawaza, kama mdogo wangu.

Kwenye kaunti hii hii ya Raleigh, tarehe 5 Aprili 2010, mlipuko katika mgodi wa Upper Big Branch uliua wachimbaji 29. Kiongozi wetu aliutaja kwa sauti ya chini tulipokuwa tunatoka, akatazama pembeni. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumanne

Thurmond asubuhi. Sitakaa sana hapa kwa maandishi, kwa sababu kila anayekuja korongo la New River huandika Thurmond. Ila nitasema hivi: ni mji ambao mtaa wake mkuu ni reli. Benki na maduka ya matofali yamejipanga, na mbele ya milango hakuna barabara, kuna mataruma. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi watano. Unafika kwa daraja ambalo gari linapita upande mmoja, treni upande mwingine.

Juu ya reli umesimama mnara wa zege wa mwaka 1922. Uliweza kubeba tani 500 za makaa, na vichwa vya mvuke vilisimama chini yake kujazwa. Walikuwepo watu wa mnara, watu wa maji, watu wa majivu, mafundi, wapishi, wenye nyumba za kulala. Miaka ya 1950 reli ikahamia dizeli. Kichwa cha dizeli hakitaki makaa wala hakisimami kunywa maji kila baada ya bonde. Makaa yaliendelea kupita Thurmond, lakini hayakuwa na sababu ya kusimama. Nimekaa chini ya mnara ule nusu saa. Reli haikung'olewa, na mji ukaisha hivyo hivyo.

Kisha Nuttallburg, na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Barabara inashuka kutoka Winona, nyembamba, gari moja, korongo upande wa kushoto. Shemeji ameendesha malori miaka kumi na bado alizima redio. John Nuttall, mchimbaji aliyetoka Uingereza, alinunua ardhi hii akijua reli inakuja, na ilipofunguliwa mwaka 1873 makaa yake yalikuwa tayari. Miaka ya 1920 Henry Ford aliukodi mgodi ili apate makaa ya viwanda vyake vya chuma, akajenga ule mfereji mrefu wa bati wa kuteremshia makaa kutoka mlimani hadi penye reli, ambao bado umesimama. Mwaka 1958 mgodi ulifungwa. Sasa msitu umerudi. Matanuri ya koka, yaani makaa yaliyookwa kwa ajili ya kuyeyushia chuma, yamejipanga kama mizinga ya nyuki, midomo wazi, miche ya miti imeota juu yake.

Weusi na Weupe walichimba shimo moja na kuishi pande mbili za kijito, kila upande na shule yake na kanisa lake. Kijana mmoja Mweusi, mtoto wa watu waliokuwa watumwa Virginia, alikuja kuchimba makaa katika migodi ya hapa miaka ya 1890 ili apate pesa ya kusoma. Aliitwa Carter G. Woodson. Hapa Nuttallburg alikuwepo mchimbaji mwingine, Oliver Jones, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliyegeuza nyumba yake kuwa baraza ya wachimbaji Weusi. Jones hakujua kusoma, lakini alinunua vitabu na magazeti, akampa Woodson kazi: jioni baada ya shimo, asome kwa sauti, na wenzake wasikilize. Woodson alilipwa kwa matunda na vitamu. Alikuja kupata udaktari wa falsafa Harvard mwaka 1912, na mwaka 1926 akaanzisha wiki ya historia ya watu Weusi, ambayo leo ni mwezi mzima wa Februari.

Niliitafuta mahali baraza lile lilipokuwa. Sikuona ila misingi ya mawe na majani. Nikakaa kwenye jiwe mojawapo, nikasoma kwa sauti ukurasa wa daftari langu, wa jana, ule wa retena na watu watano. Shemeji alisikiliza hadi mwisho. Sijui kwa nini nilifanya hivyo, ila lilionekana jambo la adabu kulifanya pale.

Baadaye tulitembea juu ya tawi la Keeneys Creek. Hili lilikuwa tawi la reli kama Piney Creek, lilipanda kutoka Nuttallburg kwenda migodi ya juu kwa mteremko mkali mno. Sasa ni njia ya miguu ya maili 3.3. Chuma kimeondolewa, mataruma mengi yameoza. Lakini mguu unajua. Tuta la reli lina mwendo wake, halipandi ghafla kama njia ya mbuzi wala halikati kona kwa pupa, na baada ya hatua mia moja unaanza kutembea kwa kipimo cha mtu aliyelichora zaidi ya karne iliyopita. Niliokota kipande cha makaa kwenye majani. Cheusi kinachong'aa, chepesi kuliko nilivyodhani, kikaacha unga vidoleni. Kimeanguka kutoka kwenye behewa gani, na kidude cha shaba cha nani kilikuwa ndani yake?

Katikati ya karne iliyopita West Virginia ilikuwa na wachimbaji wa makaa zaidi ya 100,000. Leo hawafiki 20,000. Mashine zilichukua nafasi kubwa kuliko jambo jingine lolote. Nilimwambia shemeji hayo tukipanda. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mwambie ukweli. Ni mtu mzima."

Jumatano

Cardinal ya kurudi ilifika Prince asubuhi, kama saa tano na nusu. Shemeji alinifungia mihogo ya kukaanga kwenye karatasi, akasimama kwenye jukwaa mpaka mlango ukafungwa.

Quinnimont, mara tu baada ya Prince, palikuwa na treni ya makaa kwenye njia ya pembeni, imetupisha. Nilihesabu nikimtafuta samaki mwekundu. Hakuwepo. Hinton tulisimama, tukaendelea, mto ukabaki nyuma, tukapanda mpaka juu Alleghany ambako zamani treni ya makaa ilihitaji kichwa kingine cha kuisukuma kutoka nyuma.

Kati ya Hinton na Clifton Forge nilimwandikia mdogo wangu. Niliandika ujumbe mara tatu nikaufuta, mwishoni nikausema kwa sauti kama nilivyosoma kule Nuttallburg. Nikamwambia: treni niliyoiona ilibeba mzigo wa malori 360. Ina watu wawili. Mzee niliyekutana naye anakumbuka watano. Nimeuona mji uliokufa huku makaa bado yanapita mlangoni kwake. Reli ikija Mbinga, wengi wenu barabara haitawahitaji tena, na sitaki uje kulisikia hilo kwa mtu mwingine.

Clifton Forge treni yetu ilisimama. Kwenye reli ya jirani kulikuwa na mabehewa yaliyojaa, na watu wawili, mwanamke na mwanaume, wanashuka kwenye gari dogo na vikapu vyao vya chakula, wanakwenda kupokea zamu. Walipanda. Baada ya dakika chache kiungo cha kwanza kilivutwa, kikavuta cha pili, mlio ukakimbia kutoka mbele hadi nyuma, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayefunga kufuli mia moja, na ile safu nzito ikaanza kusogea kuelekea Mto James.

Simu ikatetemeka. Kwao ilikuwa saa tatu na nusu usiku, amelaza lori Masasi, nyuma yake nilisikia watu wakicheza bao.

"Kaka, nimekusikia," alisema. Akakaa kimya muda mrefu hivi kwamba nilidhani ujumbe umekatika. "Hao wawili. Kile Chuo cha Reli cha Tabora, unaweza kuniulizia kama wanapokea mtu wa miaka 34?"